Maisha ya Gervais Gasore, Mwunga Viungo wa Rubondo, na Goti Lililomwondoa

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu, Mwalimu Orpa Kanyange. Unasomwa na mdogo wa marehemu, Bwana Modeste Munyakazi. Rubondo, Nakivale, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2014.

Wachungaji, wazee, majirani na wote mliokuja kutoka Kabazana na Mbarara, familia inawashukuru. Gervais Gasore alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2014, saa tisa alasiri, katika hospitali mjini Mbarara, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Tangu siku hiyo maneno mengi yamepita Rubondo. Imesemwa alitiliwa sumu. Imesemwa alirogwa na mtu mwenye wivu wa safari. Imesemwa binti yake mwenyewe alimuuza. Familia hii haijazoea kujibu maneno ya kwenye bomba la maji. Leo itajibu mara moja, mbele ya jeneza, na baada ya leo haitajibu tena. Marehemu aliondolewa na ugonjwa wa goti, na ugonjwa huo ulipata nafasi kwa sababu ya hofu. Hofu hiyo wengi wetu tunayo nyumbani, ndiyo maana maisha yake yanaelezwa hapa bila kuruka kitu.

Gervais Gasore alizaliwa tarehe 8 Juni 1961 huko Bijombo, katika milima iliyo juu ya Uvira, Kivu Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Munyakazi, mfugaji, na Mama Kankindi. Mama huyo alijulikana vilima vyote vya jirani kwa kazi moja: kurudisha viungo vilivyoteguka, vya ndama na vya watu. Gervais alipokuwa na miaka kumi alianguka kutoka juu ya jabali, na bega lake likachomoka. Mama yake alimlaza chini, akamshika mkono, akamwambia, "Hesabu mbuzi ya papa yako, kwa nguvu, nisikie." Gervais alipenda kusimulia kwamba alihesabu mbuzi wanne tu. Alipofungua kinywa kumtaja wa tano, bega lilikuwa limekwisha kurudi mahali pake. Aliomba mama amfundishe siku hiyohiyo. Mama akamwambia aanze na ndama, kwa sababu ndama haongopi panapouma.

Alisoma shule ya msingi Bijombo, akamaliza mwaka 1977, kisha akateremka Uvira kwa masomo ya sekondari. Alikuwa amefika mwaka wa nne, na alipenda sana somo la mwili wa binadamu, baba yake alipofariki mwaka 1981. Alirudi mlimani kuangalia ng'ombe na wadogo zake. Hakupata diploma, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Lakini mwaka 2006, hapa Nakivale, alihudhuria mafunzo ya majuma matatu ya huduma ya kwanza, na cheti chake kipo ukutani mpaka leo. Wanaosema alikuwa mtu wa kubahatisha wakione.

Alimwoa Orpa Kanyange tarehe 12 Agosti 1989, kwa taratibu zote, ng'ombe wote wakiwa wametolewa na wachungaji wakishuhudia. Jinsi walivyokutana haikuwa siri. Orpa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja ya mvua aliteleza njiani, kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi, na wanafunzi wakakimbia kumwita kijana Gasore. Alipapasa kifundo hicho kwa vidole viwili, akasema, "Mwalimu, mufupa haikuvunjika. Ni kano njo ilivutika. Siku kumi usikanyage." Siku ya tano Mwalimu alikuwa darasani, amesimama. Gervais alipita, akasimama mlangoni, akasema mbele ya watoto wote, "Mwalimu anajua kusoma kila kitu, kalenda tu njo inamushinda." Watoto walicheka juma zima. Siku ya kumi alirudi kuangalia kifundo, na akaendelea kurudi hata baada ya kifundo kupona.

Mungu aliwapa watoto wanne: Irakiza mwaka 1990, Uwizeye 1993, Bienfait 1998, na Bénédicte 2003.

Vita vilipofika milimani mwezi wa kumi mwaka 1996, familia iliteremka kwa miguu siku nne kuelekea bonde la Rusizi. Gervais alimbeba Uwizeye mgongoni, na mama yake mzee alimshikilia bega. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa mawe, walisikia risasi nyuma yao na watu wote wakakimbia. Gervais aliteleza, goti lake la kulia likajipinda kwa ndani, na wote waliokuwa karibu wakasikia mlio wake. Alisimama, kwa sababu aliyebaki amekaa mahali pale hakuonekana tena. Alikata kitambaa cha mama yake, akalifunga goti, akatembea siku moja na nusu juu yake bila kumshusha mtoto. Goti hilo lilipona baada ya miezi mitatu, ingawa tangu hapo lilikuwa likimuuma kila masika. Familia inaomba mkumbuke jeraha hili, maana baadaye lilitumika kuficha jingine.

Waliishi Burundi miaka sita, na huko ndiko Mama Kankindi alikozikwa mwaka 1999. Tarehe 17 Februari 2003 walifika Kabazana, hapa Uganda, wakaandikishwa kama wakimbizi, wakakaa majuma matatu katika nyumba za mapokezi, kisha wakapewa kiwanja hapa Rubondo. Gervais alilima mahindi na maharage kama kila mtu. Lakini ndani ya mwaka mmoja benchi lililokuwa mbele ya nyumba yake halikukosa mtu.

Walikuja wanawake wenye vifundo vya mikono vilivyovimba kwa jembe, wasioweza tena kukamua nguo. Walikuja wasichana walioumia mabega kwa kunyanyua madumu ya maji, na vijana walioteguka miguu uwanjani. Alikuja mzee ambaye kiwiko kilimuuma kwa kupasua kuni mpaka kikombe kikamtoka mkononi, na Gervais hakumpaka dawa yoyote. Alimwambia tu aache shoka majuma sita, akaenda kumpasulia kuni yeye mwenyewe. Kwa waendesha bodaboda alikuwa mkali. "Nyinyi batu ya pikipiki," aliwaambia huku akiwafunga magoti, "Mungu alibapa viungo bizuri, na munabibeba sawa ndizi ya kuuzisha." Walicheka kwa maumivu. Kano ya kisigino iliyokatika hakuigusa kamwe. Alimfunga mgonjwa mguu kwa ubao, akamtafutia usafiri wa kwenda Mbarara.

Alikuwa na sheria moja, aliyoipata kwa mama yake. Kabla hajamgusa mtu aliuliza, "Ilianza siku gani?" Mtu aliyeanguka, aliyebeba mzigo mzito au aliyepigwa mpira, anaikumbuka siku. Huyo Gervais alimhudumia. Mtu asiye na siku, ambaye kiungo chake kilivimba chenyewe, polepole, bila kuanguka, huyo alikataa kumkanda.

Mwaka 2010 mama mmoja wa mtaa huu alileta binti yake mdogo mwenye goti lililojaa.

"Alianguka?"

"Apana. Ilivimba tu."

"Tangu siku gani?"

"Sijue, Papa Irakiza. Nilishituka tu naona iko vile."

Gervais aliondoa mikono yake. "Hii haiko ya mukono yangu, mama. Mupeleke ku musawo leo, usingoje kesho."

Yule mama alikasirika. "Mutoto ya jirani ulimufunga vizuri, wa kwangu njo unamukatala? Tulikukosea nini?"

Alimbeba mtoto yeye mwenyewe mpaka zahanati. Mtoto huyo alitibiwa mwaka mzima kwa vidonge, na leo ni miongoni mwa wasichana walioimba hapa asubuhi. Goti lake lilikuwa na ugonjwa uleule uliokuja kumwondoa Gervais. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema marehemu hakujua. Alijua kuliko sisi sote.

Mwaka 2012 jina la familia hii liliitwa kwenye ofisi ya safari, ile inayowapeleka wakimbizi kuishi ng'ambo. Wale mnaosubiri kama sisi hamhitaji kuelezwa. Mahojiano ya kwanza yalifanyika mwaka huo, ya pili 2013, na kilichobaki kilikuwa kupimwa na madaktari. Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani. Rubondo nzima ilikuwa ikisema kwamba akikutwa mgonjwa mmoja, jina la familia yote linafutwa na halirudi. Hakuna aliyewahi kuona karatasi yenye maneno hayo. Lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu. Watu walianza kukohoa ndani ya mito ya kulalia. Kuna waliovua miwani kabla ya kupita mbele ya ofisi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, mkewe aliona kwamba wakati wa maombi ya jioni, wengine walipopiga magoti, Gervais alibaki ameketi. Alimwuliza, akajibu kwamba amechoka. Majuma mawili baadaye alimwona akitoka kuoga, na goti la kulia lilikuwa mviringo, limejaa, na paja juu yake limekonda.

"Baba Irakiza, ile goti ilianza siku gani?"

Alilifunika kwa kitambaa. Kisha akasema, "Mwaka makumi kenda na sita. Si ulikuwako?"

"Ile ilipona."

"Imerudia."

"Na goti ya ule mutoto wenye ulituma hospitali, haikuwa vile?"

"Mama Irakiza." Alifunga mlango. "Tuko na mutoto moja hapa, ama bane? Bakiniona na hii mguu, batatutoa ku liste. Bienfait atasomea wapi? Ngojea tupimwe kwanza. Tukifika kule, nitaonyesha goti hata ku raisi."

Mkewe alikuwa mwalimu, amesoma, na alielewa alichokiona. Alinyamaza. Familia haitaficha hilo. Alinyamaza miezi minane, na kila asubuhi aliogopa kumtazama mumewe akinyanyuka kitandani.

Mdogo wake Modeste, anayewasomea maneno haya, naye aliambiwa mwezi wa tatu. Yeye ndiye aliyesema, "Kaka, fuata akili. Ficha mpaka baada ya kupimwa." Modeste mwenyewe ameomba sentensi hiyo isiondolewe, na ameomba aisome kwa mdomo wake.

Tangu hapo nyumba iliishi kwa goti hilo. Gervais alilifunga kitambaa kila asubuhi na kuvaa suruali pana. Aliacha kulima shamba la mbali na kusema kwamba udongo umechoka. Aliendelea kuwapokea watu kwenye benchi, lakini sasa alikaa kabla hawajafika na kuinuka baada ya wao kuondoka. Alikonda. Jioni alipata homa, akajifunika blanketi na kusema ni upepo wa ziwani. Watoto waliambiwa wasiseme kitu shuleni, na Bénédicte, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akaacha kabisa kucheza kwa majirani, kwa kuogopa kwamba maneno yatamtoka yenyewe.

Mwezi wa saba Modeste alimleta mtu mmoja mwenye pembe za kuumika. Jina lake halitatajwa, naye hakuwa na nia mbaya, alifanya alichoombwa. Alichanja goti mahali patano, akaweka pembe, akavuta. Mwunga viungo ambaye kwa miaka ishirini aliwakataza watu wasichanje viungo vilivyovimba alijilaza kwenye mkeka wake mwenyewe na kukubali. Baada ya siku nne chale mbili zilianza kutoa maji, kisha usaha. Moja haikuziba tena. Mkewe aliisafisha kila siku kwa maji ya chumvi, na kila siku ilikuwa na kina zaidi.

Katikati ya Septemba majina yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Familia ya Gasore, watu sita, kupimwa Mbarara, Jumanne tarehe 7 Oktoba 2014. Majirani walikuja kupongeza, na wengine mko hapa. Mlicheka nasi, mkanywa chai, na Gervais alikuwa ameketi kitini muda wote kwa sababu hakuweza kusimama.

Goti sasa lilikuwa limejikunja na halikunyooka. Alianza kufanya mazoezi uani, baada ya chakula cha mchana, lango likiwa limefungwa. Alikuwa amesikia kwamba kutoka mlango wa chumba cha daktari hadi mezani ni hatua ishirini. "Nikitembea hatua makumi mbili bila kuchechemea, tumeshafika," aliwaambia watoto. Uwizeye alihesabu. Bienfait alisimama mwisho wa ua kama daktari.

Siku ya kwanza alifika hatua tisa.

Siku ya pili kumi na moja. "Papa, unachechemea," alisema Bienfait.

"Sichechemee. Angalia vizuri."

"Papa, naona."

"Basi usiangalie mguu! Daktari ataangalia uso yangu. Niangalie uso!"

Alitabasamu ili mtoto amtazame uso, akapiga hatua ya kumi na mbili, na goti likamwacha. Alianguka juu ya mawe ya jikoni. Hakupiga kelele, kwa ajili ya majirani. Bénédicte alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Irakiza, aliyekuwa akiosha vyombo, alimwinua baba yake, na alipomshika alisikia joto lake hata kupitia nguo. Alimtazama mama yake. Mama yake alitazama chini.

Hilo lilikuwa Alhamisi tarehe 2 Oktoba. Ijumaa asubuhi Irakiza alichukua dumu kama anakwenda bombani, akaliacha kwa jirani, akaenda zahanati, akamwambia musawo Tumwesigye, mganga wa zahanati hiyo, kila kitu. Hakumwomba ruhusa mtu yeyote, kwa sababu alijua atakatazwa.

Musawo alifika saa nne. Gervais alimwona langoni, akamwona Irakiza nyuma yake, na uso wake ukabadilika.

"Irakiza. Umetuua."

Binti alijibu akilia, "Papa, wewe njo unakufa."

Musawo Tumwesigye alichuchumaa, akafungua kitambaa. Kisha akasema, "Mzee, wewe natuma watu kwangu miaka yote. Huyu mtoto, huyu mama, yule mwenye mkono. Sasa wewe mwenyewe, nani nakutuma?"

Gervais aligeuza uso ukutani. Modeste, aliyekuwa ameitwa kwa haraka, alimfokea Irakiza maneno ambayo hayatarudiwa hapa. Gari la wagonjwa lilikuja saa saba mchana, na mtaa wote ukaliona. Ndipo yalipoanza maneno kwamba msichana aliuza safari ya baba yake.

Mbarara, daktari aliyempokea aliitwa Daktari Kyomugisha. Baada ya vipimo alikaa kando ya kitanda na kueleza kwa upole: kifua kikuu kilikuwa kimeingia katika kiungo cha goti, na kwa njia ya zile chale uchafu mwingine ukaingia juu yake, na sasa uchafu huo ulikuwa ukitembea katika damu. Kifua kikuu peke yake, alisema, kingetibiwa kwa vidonge, kama kwa yule mtoto wa mwaka 2010. Walilifungua goti na kuliosha mara tatu. Mkewe alikaa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kwa Mama Miriamu, mwenzake wa kwaya ya zamani, na kila asubuhi alitembea mpaka hospitali akiogopa kukuta kitanda kitupu.

Jumanne tarehe 7 Oktoba, siku ambayo familia yote ingepimwa, mkewe alikwenda peke yake na barua ya daktari. Alikuwa amejiandaa kusikia jina likifutwa. Ofisa alisoma barua, akafungua jalada, akaandika mistari miwili, akamwuliza mgonjwa anaendeleaje. Akasema safari itangoja mpaka matibabu yaishe. Hayo tu.

Mkewe alirudi wodini na kumweleza Gervais. Hakuamini. Alimwita daktari.

"Docta, jina yetu haikutoka?"

"Mzee, jina natoka kwa nini? Mutu nagonjeka, natibiwa, napona, naenda. Nani nakuambia natoka?"

"Bote," alisema.

"Bote nani?"

Hakuwa na jina hata moja la kumpa. Alicheka, kisha kicheko kikageuka, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, mtu ambaye hata mwaka 1996 hakulia. "Mwaka mzima," alisema, "mwaka mzima naogopa kitu chenye hakiko."

Alipata nafuu kwa muda. Alikula. Alimfundisha jirani yake wa kitandani, kijana aliyeanguka na pikipiki, jinsi ya kusogeza bega lake bila kuliumiza. Lakini mwanzoni mwa Novemba homa ilirudi na nguvu, na madaktari wakasema mguu ukatwe juu ya goti ili aokolewe. Aliogopa sana. Aliuliza mara nyingi kama mwunga viungo asiye na kiungo bado ni mtu. Jumapili tarehe 9 alikubali, na siku ikapangwa Alhamisi tarehe 13.

Jumatatu aliomba aachwe na Irakiza peke yake. Irakiza ameruhusu maneno yale yaandikwe. Alimwambia, "Kila mutu mwenye hakuwa na siku, nilimutuma hospitali. Mimi bote balinificha, na mimi nilijificha. Wewe tu njo ulifanya kazi yangu. Bakisema uliniuza, baambie mimi njo nilikuwa nimeuza nyinyi."

Jumatano mchana pumzi ilianza kuwa fupi. Mkewe alikuwa upande wa kulia na Irakiza upande wa kushoto. Saa tisa alasiri aliacha kupumua, siku moja kabla ya mguu kukatwa. Anazikwa na miguu yake yote miwili. Wanaosema vinginevyo wamwulize mjane, aliyemwosha kwa mikono yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemtilia sumu wala aliyemroga. Mkewe alijua na akanyamaza. Mdogo wake alijua na akashauri vibaya. Yeye mwenyewe alijua kuliko wote. Aliyesema ni mmoja tu, na alichelewa kwa sababu sisi wakubwa tulimchelewesha. Familia ya Gasore inasema wazi kwamba Irakiza ni heshima ya nyumba hii. Atakayemnyooshea kidole amnyooshee mama yake kwanza.

Musawo Tumwesigye yupo hapa leo, kwenye benchi la nyuma. Kama kuna mtu aliyekaa kwenye mikeka hii amefunga goti, bega au kifundo chini ya nguo yake, na hakumbuki siku kilipoanza, familia inamwomba asiondoke kabla hajasema naye.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Orpa Kanyange, binti yake wa kwanza, Irakiza, Uwizeye, Bienfait, ndugu zake wawili walio hai, Modeste wa Kabazana na dada yao aliyebaki Uvira, na watu wengi wa Rubondo wanaotembea, kunyanyua na kulima kwa viungo alivyowarudishia. Ameacha pia kitinda mimba wake, Bénédicte.

Kwa kuwa ugonjwa huo huweza kukaa kifuani kabla ya kuingia katika kiungo, watu wote watano wa nyumba hii wamepimwa. Majibu ya wanne yametoka na ni wazima. Majibu ya Bénédicte, ambaye amekuwa akikohoa tangu mwezi uliopita, yatatoka Jumatatu. Tunaogopa. Lakini vyovyote yatakavyokuwa, Jumatatu jioni mama yake atasimama langoni na kuwaambia majirani, na lango halitafungwa.

Mungu ampokee Gervais Gasore na ampe pumziko lisilo na hofu. Amina.